Jina Alilopewa na Wimbo

Kisenyi ni bonde. Jina lenyewe, katika lugha ya Kiganda, humaanisha mahali pa chini penye unyevu, na mtu asimamaye juu ya kilima cha Mengo huliona bonde hilo likiwa limefunikwa na mabati tangu ukingo mmoja hadi mwingine. Hapo mashine za kusaga mahindi hunguruma, nyundo za mafundi wa vyuma hujibizana na zile za Katwe jirani, na mabasi ya safari za mbali hushusha abiria ambao aghalabu hawajui usiku huo watalala wapi.

Hadi miaka ya 1960 mtaa huu haukuwa chini ya manispaa ya Kampala; ulikuwa sehemu ya Kibuga, mji wa Kabaka. Katika miaka ya 1950 wataalamu wawili, Aidan Southall na Peter Gutkind, waliuchunguza pamoja na Mulago, wakaandika kitabu kuonyesha jinsi watu wa makabila mbalimbali walivyokutana hapo, wakapanga vyumba bega kwa bega, wakaishi kwa kazi za mikono, uchuuzi na pombe. Hata leo Msomali, Mnubi, Mkongo, Mganda na mtu wa kaskazini hukutana Kisenyi katika duka moja, na Kiswahili, ambacho sehemu nyingine za Kampala hukihesabu kuwa lugha ya kambini, husaidia kumaliza bei.

Katika mtaa wa namna hii wimbo hausikilizwi na mtu mmoja. Kuta ni nyembamba. Redio ya fundi ni redio ya wateja wake wote, na kanda ya mwenye baa huwa mali ya jirani anayeosha vyombo uani. Kwa hiyo ukitaka kujua wimbo fulani umefanya nini katika maisha ya watu, usiulize wenye majumba ya kifahari yenye kuta nene. Uliza mabondeni. Na katika mabonde ya Kampala, kati ya nyimbo ambazo kisa chake hakikuishia katika dansi, uko mmoja uitwao "Born in Africa", yaani aliyezaliwa Afrika, wa mwimbaji Philly Bongoley Lutaaya.

Kijana wa Enzi ya Bendi

Lutaaya alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1951. Alipokuwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960, aliacha masomo akajitosa katika uimbaji. Kampala ya siku hizo ilikuwa kama mtu mwenye masikio matatu: moja lilisikiliza rumba ya Kongo, la pili nyimbo za nyumbani, na la tatu sauti za James Brown na wenziwe Wamarekani weusi, ambao muziki wao wa soul na fanki ulikuwa umewatia wazimu vijana wa miji yote ya Afrika. Bendi za Kampala zilijifunza kupika vyote vitatu katika chungu kimoja. Kutoka katika bendi moja ya enzi hiyo, Cranes Band, walitoka baadhi ya wanamuziki walioanzisha Afrigo mwaka 1975, bendi ambayo umri wake sasa umepita nusu karne.

Lakini kupika ni jambo moja na kupakua ni jingine. Mwanamuziki wa Uganda aliyetaka santuri ya maana alikwenda Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na studio na mitambo. Kisha ikaja miaka ya utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, na baada yake miaka ya vita na misukosuko, ambapo usiku ulikuwa wa kuogopwa. Dansi huhitaji usiku. Pale usiku unapokuwa na hatari, mpiga gitaa hana kazi, na mtu asiye na kazi hufunga mizigo. Wanamuziki wengi waliondoka. Lutaaya alipita Zaire na Kenya, na katika miaka ya 1980 akatua Sweden, katika jiji la Stockholm.

Msomaji aliyewahi kupelekwa kazini mbali na kwao anajua kinachofuata. Mtu akiwa nyumbani haulizwi yeye ni nani. Akiwa ugenini huulizwa kila siku, kwa maneno au kwa macho. Katika jiji hilo la theluji Lutaaya alikusanyika na wanamuziki wenzake kutoka Uganda, Sammy Kasule akiwa miongoni mwao, wakarekodi "Born in Africa" baada ya bunduki kunyamaza Kampala mwaka 1986. Maudhui yake si ya kutatanisha: mtu aliye mbali anatangaza asili yake, wala haionei haya. Ni jibu la mhamiaji kwa swali la wenyeji wake.

Jibu hilo lilipofika nyumbani liligeuka kuwa kitu kingine. Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika vita, watu wamechoka kuhesabu misiba, na sasa anatokea mwana wa nchi aliyeko Ulaya akiimba kwa fahari kwamba yeye ni wa hapa hapa. Wimbo ukapendwa. Kanda zikanakiliwa, zikanakiliwa tena, hadi sauti ikakwaruza. Nyimbo zake za Krismasi, nazo zilizorekodiwa huko huko Sweden, zikaingia makanisani na sebuleni. Ndipo Lutaaya alipopata kitu ambacho fedha hainunui: jina linalojulikana na mtoto na bibi yake, askari na raia, mwenye gari na mwenye toroli.

Ugonjwa Usio na Jina

Wakati jina la Lutaaya likipanda, ugonjwa mmoja ulikuwa ukishuka kutoka kusini. Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero wilayani Rakai, kando ya Ziwa Viktoria, watu walianza kukonda, kuharisha na kufa. Wengine walisema ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa ng'ambo ya mpaka. Wananchi waliuita "silimu", kwa sababu uliwakondesha waliokuwa wanene. Mwaka 1985 madaktari waliuandika katika jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, kwa jina hilo hilo la wananchi. Ulikuwa UKIMWI.

Jeshi lenyewe liliamshwa kwa namna ambayo Rais Yoweri Museveni ameisimulia mara nyingi. Mwaka 1986 Uganda ilipeleka maafisa 60 mafunzoni Kuba. Walipopimwa huko, 18 kati yao walikutwa na virusi. Fidel Castro alimweleza Museveni habari hiyo mwezi Septemba mwaka huo, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare. Waliopelekwa walikuwa vijana wenye nguvu, wateule wa jeshi, ambao kwa macho walikuwa wazima kabisa. Hapo ndipo somo la kwanza lilipojifunua: jicho si kipimo.

Serikali ilianzisha mpango wa kupambana na UKIMWI, na matangazo ya tahadhari yakasikika redioni. Watu waliambiwa wafuate desturi ya mfugaji anayemlisha ng'ombe zizini, asimwachie kuzurura katika malisho ya watu. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo baada ya kuupata kwa kuongezewa damu, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO la kuwahudumia wagonjwa na jamaa zao. Kazi hizo zilikuwa njema na za lazima. Hata hivyo palikuwa na pengo. Ugonjwa ulikuwa na tarakimu, ulikuwa na mabango, lakini haukuwa na uso. Mgonjwa aliitwa "yule". Marehemu, kwa maelezo ya jamaa zake, alikufa kwa malaria, kwa kifua au kwa kurogwa. Kila nyumba ilikuwa na siri, na kila nyumba ilidhani kwamba ni yenyewe tu.

Aprili 1989

Mwezi Aprili 1989 Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Hakuna Mganda mwenye jina kubwa kama lake aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Inafaa kupima uzito wa tendo hilo kwa mizani ya wakati ule, si kwa mizani ya leo. Wakati ule dawa iliyokuwapo duniani ilikuwa AZT, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Bei yake ilikuwa ya kutisha, na ikitumiwa peke yake haikuzuia virusi kwa muda mrefu. Kwa hiyo aliyejitangaza hakuwa na tumaini la kutibiwa kwa sababu ya kusema. Hakupata chochote. Alichokuwa nacho ni kupoteza: heshima, marafiki, meza za watu ambako alizoea kukaribishwa, na lile jina alilopewa na wimbo.

Naye akalitoa. Alizunguka shuleni, makanisani na katika mikutano, akieleza alivyokuwa na kinachomsubiri. Akatunga wimbo mwingine, "Alone", yaani peke yangu, unaozungumzia hofu na upweke wa mgonjwa na kuwaita watu washikane mikono. Yule aliyekuwa ameimba kwa fahari mahali alikozaliwa, sasa alikuwa akiimba namna anavyoelekea kufa. Na sauti ilikuwa ile ile iliyozoeleka katika kanda zilizokwaruza. Jambo hilo ndilo lililowachoma watu. Mgeni akikuambia habari ya kifo, utasema ni maneno yake. Akikuambia yule ambaye sauti yake imo ndani ya nyumba yako kila jioni, utaketi chini.

Si wote walioketi. Wengi walikataa kuamini. Walimtazama jukwaani, wakaona mtu ambaye bado ana mwili na ambaye bado anaimba, wakasema huu ni ujanja wa msanii wa kuuzia kanda, au kwamba amelipwa na Wazungu. Ubishi wa namna hiyo ulikuwa na mizizi katika hofu, wala haukuwa wa wajinga peke yao. Kwani ikiwa Lutaaya, akiwa na afya ile machoni, anao, basi nani hana? Mtu aliyekubali kwamba mwimbaji anasema kweli alilazimika, usiku huo huo, kujiuliza habari zake mwenyewe. Ilikuwa rahisi zaidi kumwita mwongo.

Mwili wake ukatoa ushahidi ambao maneno hayakuweza kuutoa. Miezi ilivyopita alikonda, sauti ikapungua, hatua zikawa za kushikiliwa. Tarehe 15 Desemba 1989 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 38. Zilikuwa zimebaki siku kumi tu kufika Krismasi, majira ambayo nyimbo zake huimbwa. Hapana shaka palikuwa na nyumba ambazo mwaka huo redio ilifunguliwa, ikasikika sauti yake ikiimba kuzaliwa kwa Mkombozi, na watu wakatazamana bila kusema neno.

Watengenezaji wa filamu waliofuatana naye katika miezi yake ya mwisho walitoa filamu iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1990. Waliipa jina la wimbo ule ule: "Born in Africa". Hivyo wimbo uliotungwa kuwa majivuno ya mtu aliye ugenini ukawa jina la ushujaa wake wa kufa hadharani. Nchini Uganda tarehe 17 Oktoba ya kila mwaka imewekwa kuwa siku ya kumkumbuka.

Kilichofuata Baada ya Ngoma Kunyamaza

Haingekuwa haki kudai kwamba mtu mmoja ndiye aliyeugeuza mwendo wa ugonjwa. Mwaka 1992, miaka mitatu baada ya kifo chake, karibu wanawake wajawazito 3 katika kila 10 waliopimwa katika hospitali ya Nsambya mjini Kampala walikutwa na virusi. Palihitajika madaktari, viongozi wa dini, walimu, serikali na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1990 kituo cha AIC kilifunguliwa Kampala ili mtu apimwe kwa hiari bila kutaja jina. Ndani ya jeshi, Meja Rubaramira Ruranga alijitokeza katika miaka ya 1990 akiwa na magwanda na cheo chake, akatamka kwamba anaishi na virusi. Na kwa askari wengi neno la afande mwenzao lilikuwa na nguvu kuliko hotuba za raia. Lakini mlango aliopitia ulikuwa umekwisha kufunguliwa na mwimbaji.

Utafiti wa taifa wa miaka ya 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watu wazima wenye virusi, kati ya umri wa miaka 15 na 64, walikuwa asilimia 6.2. Idadi hiyo bado ni kubwa, lakini si ile ya mwaka 1992. Na dawa zimebadilika kabisa. Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba dawa zikiunganishwa tatu huvidhibiti virusi. Kuanzia mwaka 2004 zilianza kutolewa bure kwa wingi nchini Uganda. Na sasa walio wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Mama mjamzito anayetumia dawa ipasavyo anaweza kumzaa mtoto salama. Mtu ambaye virusi vyake vimeshuka hadi kipimo kisivione, na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Lau Lutaaya angeugua baada ya hapo, huenda angekuwa mzee sasa, akiwakaripia vijana kwamba hawajui kupiga gitaa.

Somo la Nyumbani

Sasa tazama jambo la ajabu. Dawa ipo, kipimo kipo, lakini siri haijahama. Nyumba ya askari au polisi huijua vizuri kuliko nyumba nyingine yoyote. Baba hupelekwa kwenye operesheni miezi sita, au huhamishiwa kituo cha mbali kabla familia haijapata nyumba. Mama hubaki kambini na watoto, na jirani zake wanajua ni siku gani mshahara umechelewa. Watu wawili wanaopendana huishi maisha mawili, na wanapokutana tena kila mmoja huogopa kuuliza, asije akaonekana anamshuku mwenziwe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi ingefaa iongezwe: na huwaumbua walio wake pamoja naye.

Kuna nyumba ambazo mume huficha vidonge vyake ndani ya begi la kazi, na mke huficha vyake ndani ya pipa la unga, na wote wawili wanameza dawa ile ile, kila mmoja akijificha kwa mwenziwe. Kuna nyumba nyingine ambako mmoja, kwa kuogopa kuonwa akimeza, hukiruka kidonge siku ambazo mwenzake yuko likizo. Virusi havina likizo. Dozi ikirukwa mara kwa mara, hujifunza kuishinda dawa, na hapo mganga huanza kutafuta dawa nyingine iliyo ngumu zaidi kupatikana.

Maneno ya kuanzia si lazima yawe makali. Mwenye hekima hangoji mwenziwe aingie mlangoni na vumbi la safari ndipo amwulize amelala wapi. Humwacha aoge, ale, acheze na watoto; kisha, siku ya pili au ya tatu, husema: "Baba fulani, twende tukapime wote wawili, mimi na wewe." Neno "wote wawili" ndilo dawa ya sentensi hiyo. Halimshtaki mtu. Linamaanisha kwamba jibu lolote litakalotoka litakuwa la nyumba, si la mtuhumiwa. Naye baba akitangulia kulisema, heshima yake haipungui; huongezeka, kwa kuwa anayeongoza msafara ndiye anayepaswa kukanyaga daraja kwanza.

Watoto nao wasiachwe nje. Mtoto aliyezaliwa na virusi, akifika umri wa kuelewa, huuliza kwa nini yeye humeza dawa kila siku na ndugu zake hawamezi. Akidanganywa, atajua siku moja kutoka kwa mtu mwingine, shuleni au kisimani, na tangu hapo hatamwamini mzazi katika jambo lolote. Akiambiwa kidogo kidogo, kwa kadiri ya umri wake, atakua akijua kwamba anao ugonjwa unaotunzwa, kama wengine watunzavyo kisukari.

Na kwa majirani, funzo ni la wale waliombishia Lutaaya. Mtu akikuambia kweli iliyo ngumu juu yake mwenyewe, usimpime kwa wingi wa nyama za mashavu yake, wala usimwulize alipata wapi. Mpe kikombe kile kile anachokunywea kila siku. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, kwa mkono wala kwa kuketi mkeka mmoja; upweke ndio unaosambaa kwa kikombe kilichotengwa.

Wanamuziki wengi hupata wimbo mmoja unaowapa jina, kisha hulitumia jina hilo maisha yao yote kama shamba la urithi, wakivuna humo gari, nyumba na sifa. Si vibaya, jasho ni lao. Lutaaya alivuna kwa muda mfupi sana. Mavuno yaliyobaki aliwaachia watu waliokuwa wamelala nyuma ya kuta nyembamba za mabonde kama Kisenyi, kila mmoja na siri yake, ili wasikie mtu wanayemjua akisema kwa sauti kile walichokuwa wakikinong'ona.